Mfupa wa Babu

Golikipa wa timu ya taifa ya vijana chini ya miaka kumi na saba alikuwa na ndevu. Si vinyweleo vya kubembeleza kwa mafuta, la. Ndevu zilizokomaa, na kichwani kipara kilishaanza kupiga hodi. Wenzake walimwita Babu. Mama zao walimwamkia kwa adabu. Naye alikuwa na miaka kumi na sita kamili, jambo ambalo hakuna aliyelisadiki isipokuwa mama yake, kwa kuwa yeye alikuwepo wakati anazaliwa.

Siku moja kabla ya mashindano, meneja wa timu alimwita chumbani kwake akafunga mlango.

"Kesho wanatupima umri. Wanapiga picha mfupa wa kifundo cha mkono, na mfupa haujui kudanganya. Sasa niambie kama mtu na baba yake, una miaka mingapi?"

"Kumi na sita, mzee."

"Hiyo ni ya kwenye pasipoti, mwanangu. Nakuuliza ya nyumbani."

"Hata nyumbani ni kumi na sita."

Meneja akamtazama kwa huruma. Alikuwa amelea timu za vijana tangu enzi na enzi, na hayo maneno alishaambiwa na watu wenye wakwe. Kwake yeye umri ulikuwa kama bei ya sokoni: inayotajwa kwanza siyo yenyewe.

"Basi usijali, nimeshapanga," akasema. "Daktari wa mashindano hazijui sura zetu, anafuata namba za jezi. Utavaa jezi ya Kichanga, na yeye atavaa yako."

Kichanga alikuwa winga wao, kijana mfupi mwenye mashavu laini na sauti nyembamba, ambaye wahudumu wa hoteli walimletea maziwa bila kuagiza. Alipoelezwa mpango huo alikubali hata kabla haujaisha kuelezwa, na meneja akamsifu kwa uzalendo.

Babu alikataa. Alisema mkono wake hauna kosa na ataingia nao mwenyewe. Meneja akamuuliza kama yuko tayari timu nzima irudishwe nyumbani kwa ajili ya ubishi wake. Babu alikuwa amelelewa akalelewa; asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaipokea jezi ya Kichanga.

Kesho yake akaingia kwenye kipimo na jezi iliyoishia kitovuni, akipumua kwa zamu. Nyuma yake Kichanga alikuja akiburuta jezi ya kipa kama kanzu. Daktari, aliyekuwa na timu nyingine kibao mlangoni, akasoma namba, akapiga picha, akasema anayefuata.

Majibu yalikuja wakati wa chakula cha mchana. Meneja aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Mfupa wa winga ulikuwa wa mtoto, safi kabisa. Mfupa wa kipa ulikuwa wa mtu mzima, na kipa haruhusiwi kucheza.

Meneja akamgeukia Kichanga taratibu.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ya kwenye pasipoti?"

"Ya nyumbani."

"Ishirini na tano," alisema Kichanga, akiiangalia sahani yake. "Na watoto wawili. Mkubwa ameanza shule."

"Na wewe," meneja akamgeukia Babu kwa hasira, "kwa nini hukuniambia kuwa ni kumi na sita kweli?"

"Nilikwambia, mzee."

Kukiri kwamba jezi zilibadilishwa kungempotezea meneja kazi, na kazi aliipenda. Mwishowe akaamua kuwa Babu atangazwe ameumia goti, atacheza mwakani.

"Mwakani nitakuwa nimezidi," alisema Babu.

Kisha akalia. Hakulia kiume, kwa kumeza mate na kutazama dari. Alilia mdomo wazi, mabega yakiruka, kamasi zikishuka kwenye zile ndevu, akifuta macho kwa mgongo wa mkono na kumwita mama yake. Na hapo timu nzima, meneja akiwemo, ikaamini umri wake.

Kichanga alivumilia kidogo, akashindwa. Akainuka, akamfuta kamasi kwa kitambaa cha meza, akamshika mkono.

"Twende kwa daktari tukaseme," alimwambia.

"Mkienda mmeniua," alisema meneja.

"Pole sana, bosi. Lakini mimi ni mzazi, siwezi kula huku mtoto analia hivi."

Wakapita uani wameshikana mikono, Kichanga mbele, Babu nyuma akilia kwa kwikwi. Daktari alipoona watu mlangoni alisimama kwa heshima, akamvutia Babu kiti.

"Karibu, mzee. Huyu mtoto wako ana tatizo gani?"

"Mtoto ni huyo," alisema Kichanga. "Mimi ndiye niliyemleta."