Pikapu Iliyopanda kwa Mkia

Baba yangu ni dereva wa machimbo ya mawe, na pikapu yake ilikuwa imechoka kuliko yeye. Madereva wenzake waliipa jina la Konokono. Jina hilo lilinichoma, maana mimi na kaka yangu tuna gereji, yeye fundi wa injini na mimi mchomeleaji wa vyuma, na hakuna aibu kama ya fundi ambaye gari la baba yake linasukumwa.

Na lilisukumwa kweli. Njia ya machimboni ni moja, nyembamba, imechongwa ubavuni mwa shimo. Chini hakuna pa kugeuzia, kwa hiyo magari hushuka kinyumenyume mpaka kwenye mawe, hupakia, kisha hupanda yakitazama mbele hadi kwenye mashine ya kusaga kokoto iliyo juu. Moja likikwama katikati, foleni nzima inalala. Konokono alikuwa akikwama kwenye kona ya pili kila siku ya Mungu. Watu walishazoea kuweka mawe mawili nyuma ya matairi yake asirudi shimoni, na dereva mmoja mwenye mdomo, waliyemwita Spika, hakukosa la kusema.

Msimamizi wa machimbo si mtu mbaya, ila uvumilivu ulimwishia. Alimwita Baba, akamwambia mbele ya watu:

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini Jumatatu ijayo gari lako lipande na mzigo wake wote bila kusukumwa. Likikwama, nafasi yako nampa mwingine."

Baba alirudi nyumbani, akanawa mikono, akakaa mezani. Hakula. Mtu aliyeshika nafasi yake tangu mimi sijazaliwa, leo anatishwa kama kibarua wa jana! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

"Injini imekufa, tusidanganyane," kaka alisema.

"Basi tuizike," nikamjibu. "Tutie nyingine."

Nilijua ilipo. Mwenye yadi ya vyuma chakavu alikuwa na gari la mbio lililogongwa nyuma likakunjika, na mbele halikupata hata mkwaruzo. Injini ya silinda sita, yenye tabo ya kuipulizia hewa ya nguvu, iliyotengenezwa kwa ajili ya tajiri asiye na subira. Mwenye yadi alihitaji geti. Nikamchomelea geti ambalo hata tembo angelibishia hodi, naye akatupatia injini na giaboksi yake.

Kuitia injini ile ndani ya Konokono ilikuwa kama kumvalisha jitu shati la mtoto. Rejeta ilibidi isogezwe mbele. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iligonga chasisi, tukaikata na kuijenga upya. Ukuta wa kabini ulipigwa nyundo mpaka giaboksi ikapata pa kukaa. Boneti ilikataa kabisa kufunga, nikaitoboa na kuichomelea nundu juu yake. Mama alipotuletea chai aliitazama, akasikitika.

"Maskini, mmeipa kibyongo."

Eksili ya nyuma nayo isingestahimili nguvu zile, ingevunjika kama muwa. Tukapata nyingine nene, ya lori dogo, lakini vikalio vya springi havikulingana na springi zetu. Tukavikata, nikachomelea vipya. Hapo ndipo penye kesi. Aliyeilaza eksili sakafuni ni kaka. Aliyechomelea ni mimi. Yeye anasema fundi hutazama anachokichomelea. Mimi nasema mtu mzima halazi eksili kifudifudi akanyamaza. Hatujakubaliana mpaka leo, na sidhani kama tutakubaliana.

Jumapili jioni tukaiwasha ikiwa juu ya jeki. Ikanguruma, mabati ya paa yakatetemeka, matairi ya nyuma yakazunguka kwa kasi ya kutisha. Kaka alinikumbatia na grisi zake zote. Tulipiga kelele kama watoto. Katika furaha ile, nani angekumbuka kutazama matairi yanazunguka kuelekea wapi?

Jumatatu asubuhi Baba aliingia garini, shati lake limepigwa pasi. Akatia gia namba moja, akaachia klachi. Konokono akaruka kinyumenyume, akaangusha pipa la oili chafu, akaenda kuegemea ukuta.

Baba akajaribu rivasi. Gari likaenda mbele, polepole, likilia kama mbu.

"Eksili tumeifunga kichwa chini miguu juu," kaka akasema, naye akakaa chini palepale.

Nilielewa. Eksili ikigeuzwa hivyo, matairi huzunguka kinyume. Tulikuwa tumempa baba yetu gari lenye gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Kuirekebisha ni kukata na kuchomelea upya, kazi ya kutwa nzima, na msimamizi alikuwa akitungoja asubuhi hiyo hiyo. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, nikalipiga tairi teke, mguu ukauma, nikalia zaidi.

Baba alishuka, akasimama karibu yangu.

"Kwa hiyo rivasi haiwezi kupanda?"

"Rivasi haina meno ya kubebea mzigo, Baba. Barabara tambarare, gari tupu, itakufikisha. Lakini mlimani, na mawe? Itasagika kabla ya kona ya kwanza."

"Na gia namba moja?"

"Nguvu zote ziko huko. Lakini si inarudi nyuma!"

Akanitazama kana kwamba nimemletea habari njema. "Mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita anapotaka kunituliza, "ile njia nimeipita kinyumenyume maisha yangu yote. Kila kona yake imo humu." Akagonga kioo cha pembeni kwa kucha. "Leo nitashuka kwa uso na nitapanda kwa mkia. Ingia, unitazamie joto la injini."

Tulifika machimboni kwa mwendo wa bibi harusi, rivasi ikilia njia nzima, kaka akitufuata kwa miguu. Spika alikuwa wa kwanza kutuona.

"Konokono kaota nundu! Mzee, hiyo ni pikapu au ngamia?"

Watu wakacheka. Walipoona tunaanza kushuka tukitazama mbele, wakacheka zaidi.

"Mzee, umesahau kazi? Huko chini utageuzia wapi?" Spika akaongeza.

Nilitoa kichwa dirishani. "Aliye juu mngoje chini!"

"Kaa," Baba akaniambia, akinivuta mkono. "Iache injini imjibu."

Chini, wapakiaji walijaza mawe mpaka yakapita kingo za bodi, huku wananung'unika kwamba gari limekaa vibaya. Springi zikalalamika. Baba akafuta kioo cha pembeni kwa mkono wa shati lake safi, akatia gia namba moja, akakanyaga mafuta.

Tabo ikapiga mluzi. Konokono akanyanyuka. Sina neno jingine la kusema, akanyanyuka! Nilikuwa nimeelekea shimoni, na shimo lilikuwa linabaki chini yetu, wapakiaji wakizidi kuwa wadogo, midomo wazi. Mshale wa joto haukutikisika. Baba hakugeuza shingo hata mara moja. Macho yake yalikuwa kiooni, mikono yake ikigusa usukani kidogo tu, huku na huku, kama mtu anayepita chumbani mwake gizani.

Kona ya kwanza tuliipita bila kuisikia. Kona ya pili ilipofika, akakanyaga breki. Tukasimama palepale pa aibu yetu, mzigo wote mgongoni. Yale mawe mawili yalikuwa yamelala pembeni yakitusubiri.

"Baba! Unafanya nini?"

"Naisalimia."

Akapumua, akaachia klachi, akakanyaga. Matairi yaliuma njia, kokoto zikaruka, na Konokono akaondoka pale kana kwamba amebeba pamba. Nilipiga dashibodi kwa ngumi zote mbili. Nadhani niliimba. Tulitokeza juu kwa mkia, moja kwa moja mbele ya gari la Spika lililokuwa limeziba mdomo wa njia, uso shimoni ili atucheke vizuri, na ikambidi yeye ndiye arudi nyuma.

"Hiyo si kupanda!" akapayuka. "Amekuja kinyume!"

Msimamizi alijikuna kichwa. Akaizunguka pikapu, akatazama nundu, akatazama mzigo, akatutazama sisi.

"Nilisema ipande na mzigo wake wote bila kusukumwa," akasema. "Aliyeisukuma ajitokeze."

Hakujitokeza mtu.

"Itazame wapi, hilo sikusema. Mzee wangu, nafasi ni yako."

Madereva wakapiga honi, wote, mpaka Spika mwenyewe akaona haya akapiga ya kwake. Kaka alikuja mbio, mikono kichwani, akicheka na kulia kwa pamoja, na kwa dakika hiyo hatukugombana juu ya eksili.

Baba hakuwa nasi. Tulipomtafuta tulimwona akishuka njia kwa miguu, hadi kona ya pili. Akainama, akaokota yale mawe mawili, akapanda nayo kifuani, shati lote vumbi. Alipita katikati ya watu, akafika kwenye mashine ya kokoto, akayatupia ndani, moja baada ya jingine. Tuliyasikia yakisagika.

Kisha akapangusa mikono, akanigeukia.

"Mama," akasema, "nina njaa."