Aliyesoma Tangazo la Hajati Rukiyah

Chuoni kwetu Busia tulifundishwa kwamba habari ya kuaminika hutoka kwa mtu aliye karibu zaidi na tukio. Tuliikariri hiyo, tukaiandika kwenye mitihani, tukapewa alama. Hakuna mhadhiri aliyetuambia kwamba aliye karibu zaidi ndiye pia mwenye sababu nyingi za kudanganya. Hilo nilifundishwa na Nasrudin, na mpaka leo nikimkumbuka mkono unaniwasha.

Mimi na Ariokot tulikuwa mwaka wa pili, tumepelekwa mafunzo ya vitendo kwenye redio moja mjini Tororo. Mimi niliwekwa kwenye mitambo. Yeye alipewa kipaza sauti mapema kwa sababu ya sauti yake, na mtoto wa watu aliipenda sauti hiyo kupita kiasi. Alikuwa akijirekodi anaomba maji ya kunywa, kisha anakaa kujisikiliza. Wakampa matangazo ya vifo ya saa moja asubuhi. Huku kwetu matangazo hayo yanasikilizwa kuliko taarifa ya habari. Watu huacha chai ipoe ili wajue nani ameondoka na anazikwa wapi.

Aliyemfundisha kusoma vile alikuwa Fauziya, mwenzake wa chumba hosteli, aliyekuwa mwaka wa mwisho. Fauziya alikuwa amebakiza karatasi moja tu ya mtihani, Jumatatu saa nane mchana. Redio ya upande wa Kenya ilikuwa imemwahidi kazi akimaliza. Akikosa karatasi hiyo, ni kungoja mwakani, na kazi anapewa mwingine.

Kwao ni Mulanda. Mama yake, Hajati Rukiyah, alikuwa amepooza upande mmoja tangu Ramadhani, akawa mtu wa kugeuzwa, kulishwa na kusafishwa. Kaka yake Nasrudin ni mtu wa malori, hashindi nyumbani, na wake zake wawili walikuwa wamechoka na hawakuficha. Simu zikawa haziishi: rudi, huyu ni mama yako. Fauziya alijibu kila mara kwamba atarudi Jumatatu jioni. Nasrudin hakuiamini Jumatatu hiyo. Alijua dada yake akishaonja mshahara wa Kenya, kazi ya kumgeuza mama itabaki kwa wake zake. Akapiga simu kusema mama yuko hoi. Fauziya aliuliza kwa majirani, akakuta ni uongo, na tangu hapo hakupokea tena simu ya kaka yake.

Jumamosi asubuhi Nasrudin aliingia redioni na kanzu nyeupe, macho mekundu, na barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri. Mable, mkuu wa matangazo, alitaka kusoma mwenyewe. Nasrudin akamwonyesha Ariokot kwa kidole.

"Huyu dada ndo asome. Sauti yake watu naamini."

Ariokot aliliona jina akashika mdomo. "Huyu ni mama ya Fauziya. Ngoja nimpigie kwanza."

"Fauziya iko njiani. Tulimwambia usiku. Wewe soma tu, dada, ndugu ya ng'ambo wasikie. Nazika leo, saa kumi."

Alikuwa mtoto wa marehemu, amesimama pale na barua yenye muhuri. Nani angemtilia shaka? Mable akasema saa imefika, simu ziwekwe chini. Ariokot akasoma. Alisoma vizuri mno, sauti ikikwama kidogo kwenye jina la Hajati, na nilimwona akiwa na huzuni ya kweli na furaha ya kweli kwa wakati mmoja. Hayo mawili yanakaa pamoja kwa watangazaji kuliko watu wanavyodhani.

Fauziya alikuwa bombani pale hosteli anapiga mswaki, redio ya jirani ikiwa dirishani. Yeye asingemsadiki kaka yake hata angeapa, lakini sauti ile aliifundisha mwenyewe. Kwetu sisi Wakristo wa huku maiti hungoja mpaka mjomba wa Kampala afike, na mtu anapata nafasi ya kuuliza huku na huko. Kwa Waislamu mazishi hayangoji. Alivaa buibui juu ya nguo za kulalia akakimbilia bodaboda.

Jioni Ariokot alimpigia kumpa pole. Niliisikia mwenyewe, alikuwa ameiweka simu kwa sauti kubwa.

"Pole sana, Fauziya. Mungu amlaze pema."

"Mama anakunywa uji," Fauziya alisema, akakata.

Jumapili ndipo alipotueleza kwa simu. Alikuta geti wazi, nyumba tupu, na mama peke yake kitandani, amelowa. Nasrudin alikuwa ameondoka na lori kwenda Mombasa. Wake zake walikuwa wamekwenda kwao Nabuyoga, na hawakusema watarudi lini. Hakuna aliyemfungia Fauziya mlango wala kumshika mkono. Angeweza kuondoka saa yoyote. Jirani aliyemwomba akae na mama siku moja tu alisema haingilii mambo ya nyumba hiyo, maana mume wake ni dereva wa Nasrudin. Redio yetu iliomba radhi kwa usumbufu, baada ya matokeo ya mpira.

Jumatatu asubuhi nilimpakia Ariokot kwenye pikipiki tukaenda Mulanda. Alikuwa amelia usiku kucha, lakini alikuwa na mpango. Tulimkuta Fauziya kwenye baraza anaanika mashuka, tukazungumza kwa kunong'ona kwa sababu mama alikuwa amelala.

"Nakaa mimi," Ariokot alisema. "Leo sina zamu. Jovan hapa anakupeleka Busia, anakurudisha jioni. Nimemuuguza bibi yangu, najua kazi."

Fauziya alimtazama sana. Nilidhani atamzaba kofi, na angekuwa na haki. Badala yake alimwonyesha uji, nguo safi, na jinsi ya kuweka mto mgongoni. Akaenda kubadilisha nguo, akarudi amevaa viatu vya chuoni. Nikawasha pikipiki. Muda ulitosha kabisa.

Mama aliamka kwa mngurumo. Ariokot akaingia chumbani, akapiga magoti kwa heshima.

"Asalaam aleikum, mama. Mimi Ariokot, nakaa na wewe leo."

Nilikuwa mlangoni, nimekuja kuaga. Hajati hakuwahi kumwona Ariokot maishani mwake. Kando ya mto wake palikuwa na redio ndogo. Mkono wake ulio mzima ulikamata godoro, na mdomo uliopinda ukahangaika kutafuta neno.

"Nimekufa tena?"

Ariokot akajaribu kueleza. Kila alivyosema ndivyo mama alivyozidi kujivuta ukutani, akimwita Fauziya kwa sauti ya mtu anayezama. Fauziya alirudi mbio kutoka uani akamkumbatia. Mama akamng'ang'ania, akamwambia amtoe huyo, amtoe.

"Wifi zangu walimfungulia redio asikie tangazo lake," Fauziya alisema bila kutugeukia. "Alishinda hapa anangoja kuoshwa na kuzikwa."

Nilisema nitakaa mimi. Nilijua ni upuuzi: mwanamume wa nje kumsafisha Hajati, hata mama mwenyewe angeona bora afe. Pikipiki ilikuwa bado inanguruma uani, nikaenda kuizima.

Niliporudi Fauziya alikuwa amevua viatu. Ariokot alimshika mkono, akafungua mdomo.

"Usiongee humu ndani," Fauziya alimwambia. Akautoa mkono wake, akakunja mikono ya gauni. Ulikuwa wakati wa kumgeuza mama.