Tochi ya Shemeji

Mkewe Fundi Vioo alifariki mwanzoni mwa mwaka. Aliamka mzima, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshaondoka. Hata hospitali hakufika. Watu walijaa nyumbani, wakalia, wakapika, wakaosha vyombo, kisha wakarudi makwao mmoja mmoja. Fundi hakulia. Waliompa pole aliwajibu, "Tumeshapoa," na kweli alikuwa amepoa, kama chai iliyosahauliwa mezani.

Wiki iliyofuata alifungua karakana. Alikata vioo vya madirisha, akapaka pati ya kushikilia vioo, akaweka fremu, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Wateja walimsifu kwa moyo mgumu. Yeye hakuuona ugumu wala ulaini. Akirudi nyumbani aliwasha taa, akakaa kwenye kochi, akaizima taa, akalala papo hapo.

Binti yake alikuwa muuguzi katika mji mwingine, akipiga simu kila jioni.

"Umekula, baba?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula," Fundi akasema, na binti yake akajua.

Alipopata ruhusa akaja, na siku ya kuondoka alimwachia kamera yake pamoja na stendi yake ya miguu mitatu. "Tangu nianze zamu za usiku hata kuishika siishiki," alisema. "Chukua wewe. Jumapili usishinde umekodolea ukuta macho."

Fundi aliichukua kwa sababu kuikataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Nje ya mji kulikuwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa miaka mingi. Mashimo yalikuwa yamejaa maji ya kijani, na ng'ambo yake vilima vilikwenda mpaka macho yanachoka. Jumapili ya kwanza alipiga picha za mawe. Ya pili, mawe na maji. Nyingi zilitoka upogo, nyingine nyeusi tititi, lakini hakuna aliyemuuliza kitu kule, na hilo lilimtosha. Akaanza kwenda alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia maji. Akajifunza kungoja mwanga ushuke kwenye vilima, kilima baada ya kilima.

Jioni moja alichelewa kufunga vitu vyake. Giza likaingia, naye akaielekeza kamera juu, lenzi ikakaa wazi sekunde kadhaa. Alipotazama kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera aliona nyota nyingi kuliko alizokuwa akiziona kwa macho. Kati yake ulipita mkanda mweupe, kama unga uliomwagika. Hakufurahi. Ila alijua atarudi.

Habari zikamfikia shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, kinyozi, mtu ambaye mdomo wake hupumzika akiwa usingizini tu. Alikuja karakanani akiwa na mkasi mfukoni.

"Shemeji, nasikia siku hizi unalala machimboni na nyota. Ukiteleza kule tutakuja kukuokota na kijiko."

"Sitelezi."

"Jumamosi nakupeleka na gari langu."

"Sijakualika."

"Nimejialika. Dada yangu angenichuna ngozi nikikuacha uende peke yako."

Basi wakawa wawili. Gari la Kinyozi lilikuwa bovu kiasi kwamba kushuka mlima ndiyo kazi pekee liliyoifanya kwa hiari. Fundi alishughulika na kamera, Kinyozi alikaa kwenye boneti akipiga soga: mteja aliyesinzia akanyolewa nusu, mwingine aliyetaka upara ufichwe kwa nywele asizonazo. Fundi aliitikia "mm." Wakati mwingine Kinyozi alikatiza soga akamtazama kwa muda mrefu. Fundi hakujali, alidhani anatazama kamera.

Mvua zilipokuja, anga lilifungwa. Zilipokwisha, umande ukawa unashika lenzi na kuiharibu kila picha. Fundi alipasha mchele moto kwenye kikaango, akautia kwenye soksi, akaizungushia lenzi ibaki na joto. Kinyozi alitikisa kichwa. "Yaani kamera imevalishwa soksi, na mimi mtu wa damu na nyama miguu inaganda!" Kwa mara ya kwanza Fundi alihisi pembe ya mdomo wake ikivutika kidogo. Kisha ikarudi mahali pake.

Kiangazi kikaleta vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, na machweo mekundu yaliyowafanya watu wasimame barabarani. Fundi aliyapiga yote. Alimtumia binti yake zile alizoziona zina nafuu.

"Nzuri sana, baba," alisema binti kwenye simu. "Lakini zinanitisha kidogo."

"Kwa nini?"

"Kama vile watu wote wamehama duniani."

Fundi alizipitia tena. Aliona ni kweli, na hakuona ubaya wowote.

Mwishoni mwa mwaka kulikuwa na picha moja aliyokuwa akiitaka kwa miezi. Alitaka kuiacha lenzi wazi muda mrefu sana, nyota zikisogea zichore mistari ya duara juu ya maji ya machimbo. Ilihitaji anga safi, usiku usio na mwezi na giza lisiloguswa. Mara wingu, mara moshi, mara gari kukataa kuwaka. Hatimaye vyote vikapatana.

"Usiwashe chochote," alimwambia Kinyozi. "Hata kiberiti."

"Nimekuwa maiti," Kinyozi akasema, akanyamaza kweli.

Picha ilikuwa karibu kukamilika Kinyozi alipobanwa na haja ndogo. Alijikokota gizani, akamaliza, na wakati wa kurudi akakanyaga kokoto, akayumba kuelekea shimoni. Kwa woga akawasha tochi, akapita nayo mbele ya lenzi, tena polepole, kwa mwendo wa bwana harusi.

"Zima! Zima, mpumbavu wewe!" Fundi alipiga kelele mpaka vilima vikaitikia. "Una akili? Nimekwambia nini? Mwaka mzima! Mwaka mzima nangoja kitu kimoja tu!" Akaivuta ile soksi kwenye lenzi na kuitupa. Ikapasuka, mchele ukatawanyika juu ya mawe.

Kinyozi alizima tochi. Hakucheka, hakuomba radhi.

"Endelea," alisema.

"Niendelee nini?"

"Kugomba. Tangu tumzike dada, nilikuwa naona nabeba maiti ya pili kwenye gari langu."

Fundi alisimama akihema. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Hukulia, shemeji," Kinyozi akasema polepole. "Nilikuchukia kwa hilo. Unadhani nakuja huku kwa sababu ya nyota? Nilikuja nikuone ukilia. Nilisema, mtu huyu gizani, akidhani haonekani, atalia tu. Jumamosi zote hizi nangoja."

"Ningekuwa nacho hicho kilio ningelia," Fundi akajibu. "Sijui kiko wapi."

Walikaa juu ya boneti. Fundi ndiye aliyeanza kusema, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Siku ile alikuwa amefua. Watu walipokuja, nguo zilikuwa bado kwenye kamba. Nikazianua mwenyewe. Zilikuwa mbichi. Nikazikunja hivyohivyo nikazitia kabatini."

"Halafu?"

"Sijalifungua."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Kinyozi aliruka chini, akaanza kukunja stendi. "Twende."

Walifika nyumbani kumekucha. Kinyozi ndiye aliyefungua kabati, na harufu ya ukungu ikawapiga usoni. Nguo zilikuwa zimeganda kama kadibodi, zenye madoa meusi. Walizitia kwenye beseni, wakafua wote wawili wamechutama uani. Kinyozi alifua vibaya, akilia waziwazi, kamasi na povu vikichanganyika. Fundi hakulia. Lakini maji yalikuwa ya baridi na vidole vilimuuma, naye aliusikia ule uchungu vizuri, kidole kwa kidole. Gauni moja la mkewe lilichanika mikononi mwake. Wakalianika lilivyo.

Siku chache baadaye Fundi alipeleka ile picha iliyoharibika kwenye saluni ya Kinyozi, ameshaikatia kioo na kuitia fremu. Juu, nyota zilikuwa zimechora duara zake. Chini, mstari mweupe wa tochi ulipita ukipinda kama wa mlevi. Kinyozi aliitundika juu ya kioo cha wateja, akarudi nyuma aitazame.

"Na huyu mzimu ni nani?" aliuliza.

"Mpumbavu fulani."

Kinyozi akacheka, kisha akakipiga kiti makofi mawili. "Kaa hapa. Nywele zako zimekuwa kichaka."

"Dada yako ndiye aliyekuwa ananinyoa."

"Najua. Kaa."

Fundi akakaa. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akaweka kiganja juu ya utosi wake na kukiinamisha kichwa mbele. Tangu mwaka uanze hakuna mtu aliyekuwa amekigusa kichwa kile. Fundi alifumba macho.

"Taratibu," alisema.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Taratibu tu."