Kurasa Zilizochukuliwa na Upepo

Mzee Nyale wa Ganda alikataa kubatizwa mpaka asomewe Biblia nzima. Hakutaka zaburi ya kuwafariji wafiwa, wala kipande cha Injili cha kumvutia mtu kanisani. Alitaka yote. "Nyinyi mnanilisha vijipande kama mtoto asiye na meno," alimwambia Mchungaji Lewa. "Nisomeeni mwanzo hadi mwisho. Kitabu kikiisha, nipelekeni baharini mkanizamishe."

Mchungaji alidhani mzee anatafuta njia ya kukwepa. Wapi! Mzee alikuwa amekusudia. Kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu zamani, kazi ya kusoma ilimwangukia mkaza mwanawe, Zipporah. Mume wake Zipporah, Karisa, alifanya kazi hotelini Kikambala na kurudi nyumbani mara mojamoja. Mwana wao alipewa jina la babu yake, Nyale, kama desturi inavyotaka, na kwa sababu hiyo mzee alimwita Zipporah mama, tena kwa madaha.

Zipporah alikubali kwa furaha. Yeye ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama, na mistari ilimtoka mdomoni bila kufungua kitabu. Lakini tusidanganyane, Biblia nzima hata yeye hakuwahi kuisoma. Alikuwa na vipande vyake anavyovipenda, akaishi humo kama mtu mwenye nyumba kubwa anayelala chumba kimoja maisha yake yote.

Basi kila alasiri mzee alikaa barazani akishona makuti kwa vidole vilivyokwisha kuzoea giza, na Zipporah akasoma. Walikwenda vizuri. Hata zile sheria za Walawi, ambazo kanisani huwatia watu usingizi, mzee alizifurahia. "Hawa watu wanajua mifugo," alisema.

Walipofika Kumbukumbu la Torati, siku moja jicho la Zipporah lilitangulia mistari kadhaa, likakwama. Pale Mungu aliwakataza watu wake kuwaendea wafu na kuwataka shauri. Nyuma ya jiko, hatua chache kutoka barazani, zilisimama koma za boma lile, vipande vya mti vilivyochimbiwa kwa ajili ya baba na babu wa mzee, vikavishwa vitambaa. Kabla ya kupanda mahindi mzee alizoea kwenda kuwamwagia unga na maji, akazungumza nao. Zipporah alishika kurasa kadhaa kwa pamoja, akazigeuza, akaendelea mbele kwa sauti ileile.

Mikono ya mzee ilisita juu ya makuti. "Leo upepo mkali," alisema. "Umechukua kurasa nyingi kwa mara moja."

Siku hiyo hata jani halikutikisika.

Zipporah alijiambia kwamba anamwokoa mzee. Akisikia neno lile atakasirika, ataacha kusikiliza, na roho yake itapotea. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ilikuwepo nyingine, na hiyo hakutaka kuitazama.

Ukishaanza kuruka huwezi kuacha. Ilibidi aruke pia pale mfalme Sauli alipomwendea mwanamke wa kuita wafu, na pale nabii Isaya anapowakemea watu kwa jambo lilelile. Kila aliporuka, kamba ya uongo wake ilizidi kumkaza. Walipomaliza kitabu cha mwisho, mchungaji alitangaza ubatizo ufuoni Malindi Jumapili iliyofuata. Kanzu nyeupe ilishonwa. Karisa aliomba ruhusa kazini. Njiani watu walimshika Zipporah mkono na kumshukuru kwa kumleta mzee kwa Bwana, naye alitabasamu. Alikuwa amejifungia ndani na ufunguo ameumeza mwenyewe.

Jumamosi asubuhi mzee alimwita barazani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Chukua kitabu chako. Nataka unirudishie zile kurasa zilizochukuliwa na upepo."

Zipporah alitafuta uongo mwingine, hakuupata. Aliketi, akafungua, akasoma kurasa zote alizoziruka. Alipomaliza, mzee aliweka makuti chini.

"Nipeleke nyuma ya jiko."

Alimshika mkono wakaenda. Mzee alipapasa vichwa vya koma kimoja kimoja, taratibu, kama anayewaamsha watu waliolala. Kisha akasogea kando. "Haya. Kitabu kimesema. Mimi sioni, nitang'oa kombo. Ng'oa wewe."

Zipporah aliinama, akashika mti wa kwanza. Wala haukuwa mzito, mvua ilikuwa imelegeza udongo. Nyuma yake alimsikia mwanawe akicheka na kuku uani, na mikono yake ikakataa. Je, wafu hawa wakikasirika? Wakimchukua mtoto? Alivuta pumzi, akajaribu tena. Machozi yakamshuka.

"Baba, siwezi."

"Najua huwezi," alisema mzee, na hakuwa na hasira. "Mtoto alipougua homa ile, nilikuja hapa asubuhi kuwaomba wazee. Vidole vyangu vikagusa unga. Ulikuwa umelowa bado, na mimi nilikuwa sijaweka. Nani mwingine yuko boma hili?"

Zipporah alikaa chini mchangani. Alikumbuka alfajiri ile, mtoto akiwaka moto chumbani, yeye amelia kwa Yesu mpaka sauti ikakauka, kisha ametoka na kibakuli cha unga, akitazama huku na huku kama mwizi.

"Nilifurahi," mzee aliendelea. "Nilisema, mama huyu ni Mkristo wa kweli, na kama yeye amewapa wazee unga, basi kitabu chao kina ruhusa mahali fulani. Sikutaka kumuuliza mchungaji, nisikuchongee. Ndipo nikataka nisomewe chote. Nilikuwa naitafuta hiyo ruhusa." Aligeuza uso kuelekea kwake. "Sasa niambie. Iko wapi?"

"Haipo, Baba."

"Popote?"

"Popote."

Kutoka upande wa kanisa zilisikika ngoma za kwaya, waimbaji wakijiandaa kwa ubatizo wake.

"Mimi kesho siendi," alisema mzee. "Nilitaka kuingia majini nikishika mkono wa mtu aliyekwisha kuvuka. Kumbe tumesimama wote ufuoni."

Alinyoosha mkono, naye Zipporah akaushika wakarudi barazani. Hakukuwa na pa kukimbilia; kwaya ilikuwa ikiimba, Karisa alikuwa njiani, na koma zilikuwa zimesimama palepale. Mzee aliokota makuti yake.

"Soma," alisema.

Zipporah alifungua ukurasa wa kwanza kabisa na kuanza upya. Safari hii hakuwa akimsomea mzee.