Dakika Kumi na Mbili za Kuita Majina

...dakika kumi na mbili, anasema, kila asubuhi dakika kumi na mbili zinapotea kwa kuita majina, na kalamu yake inagonga ubao, pa, pa, huyu mwezeshaji wa semina mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe, ameshawahi kushika chaki huyu?, watoto themanini na sita darasa moja, madawati yamebanana mpaka mwalimu anapita kiubavu, halafu aje kumfundisha yeye kubana muda, yeye, mwalimu wa miaka kumi na tisa kazini, hebu atuondolee balaa... "Kila mtoto ana kadi yake ukutani, akiingia anaigeuza upande wa kijani, mwalimu unatupa jicho mara moja, kwisha!" na wenzake wanaandika, eti kwisha, kwisha kitu gani, na mwalimu mkuu kule mbele meno yote nje kama kaoa jana, "Tena mwenzetu wa darasa la tatu kaijaribu muhula mzima! Simama mwalimu, waambie ilivyokusaidia, kesho tunabandika madarasa yote," na shingo zote zinamgeukia, naye kainuka nusu, mkono kwenye kiti cha mbele... awaambie nini? kwamba aliipenda? aliipenda, asijidanganye, alikuwa anakunywa chai ingali moto, anasahihisha madaftari, kadi zote kijani, anaandika "wote wapo", anajisifu kimoyomoyo... wote wapo! siku nane wote wapo, na Sisimizi, ndivyo wanavyomwita darasani, yule binti mdogo wa dawati la mwisho, hayupo, yuko kwao peke yake na mama aliyelala hoi, anachota maji, anakoroga uji, mtoto wa miaka tisa jamani, mpaka siku ya tisa jirani akaja shuleni kafura, "Hivi ninyi walimu hamna macho?", na zamani, enzi za kuita majina, ile "nipo" yake tu ilitosha kumjulisha kama kalala njaa au kalia njiani... "Usiogope, mwalimu, ni mambo mazuri tu," anahimiza mwenye shati, mazuri!, mshenzi mkubwa, angekuwa karibu angemrarulia hilo shati, yeye na kadi zake... lakini kadi alizikata nani? nani alisimama mlangoni kila asubuhi akipiga makofi, haraka haraka, msinipotezee muda? na yule rafiki wa Sisimizi, alipomuuliza kwa nini ulikuwa unaigeuza kadi ya mwenzio, hakupepesa hata jicho, alisimama wima akingoja kusifiwa, "Nilikuwa nakusaidia, mwalimu. Ulisema tusikupotezee muda"... na hasira yote aliyomwandalia mwenye shati imemrudia mwenyewe, ukumbi bado unamtazama, mkono bado uko kwenye kiti cha mbele, sekunde chache tu zimepita, na atasema, ataanza na jina la yule mtoto, jina lake kamili, la baba na la babu, polepole, hata zikiisha dakika kumi na mbili.