Mzigo wa Bi Hidaya Wafika Napoli

Ijumaa baada ya sala, chumba chao cha mtaa wa Najma, Doha, kilinukia pilau. Zuberi alikuwa amekwisha kuipakua kwenye sinia na kuliweka mkekani, kachumbari pembeni. Wanaume watatu wa chumba hicho hulizunguka sinia hilo kila Ijumaa na kula kwa mkono. Siku hiyo Nassoro alichukua sahani, akajipakulia, akapanda nayo kitandani na kuwapa mgongo wenzake.

Vuai aliona. Alikuwa amerudi Doha jana yake kutoka likizo, na Nassoro hakuwa amemjibu hata salamu.

"Sheikh Nassoro," Zuberi alisema, "ukimwaga wali hapo kitandani utalala na sisimizi."

"Nitalala nao. Sisimizi hawadanganyi."

Zuberi, mlinzi wa jengo moja huko Al Rayyan, mtu wa Tanga asiyejua kukaa kimya, safari hii aligeukia kachumbari yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mtu wa chumba kile akikaribia likizo, begi lake huwekwa wazi juu ya kitanda, na kila mwenye kwao hutia kitu chake humo. Huulizwi unakwenda wapi, maana likizo ina njia moja tu, ya nyumbani. Vuai alimwambia Zuberi mwaka huu begi lake ni dogo. Nassoro hakuambiwa wala hakuuliza. Wale wawili walikuwa kama wamezaliwa tumbo moja. Kijiji kimoja, Makunduchi, na chumba kimoja hapa Doha kwa miaka mingi. Nassoro akasubiri Vuai aende kazini, akauchomeka mzigo wa mama yake, Bi Hidaya, chini kabisa ya begi: dera jipya, tende, na chupa mbili za dawa ya kuchua magoti. Kisha akampigia mama kumwambia Vuai yuko njiani.

Vuai hakuwa njiani kwenda Makunduchi. Alikuwa na tiketi ya Lisbon, Ulaya.

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la hoteli, kuwatoa wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Miaka yote aliwatazama kwenye kioo vijana wenye mabegi ya mgongoni, wanatoka mji huu wanaingia ule, peke yao, hakuna anayewangoja. Na yeye akataka kwenda mahali asikongojwa. Hakumwambia mtu. Aliogopa kuchekwa, na zaidi aliogopa Nassoro asije akamwambia, "Na mama je?"

Aliugundua ule mzigo Lisbon, katika chumba cha kulala wageni wengi, wote vijana. Mmoja alimuuliza kama hilo gauni analiuza. Vuai akapiga simu pale pale, akamwambia Nassoro ukweli. Nassoro akakata. Huko Makunduchi Bi Hidaya alikuwa amekwisha pika, akawaita na majirani.

Kwa hiyo Vuai alizunguka miji ya watu na magoti ya Bi Hidaya mgongoni. Lisbon kulikuwa na vilima vya kumchosha punda. Kila hatua alisikia chupa za dawa zikigongana ndani ya begi.

"Mimi sili na maiti wawili," Zuberi alisema hatimaye. Akafuta mkono, akachukua simu ya Vuai kutoka dirishani, akamtupia. "Mpigie mama mwenyewe. Tumalize, wali unapoa."

Vuai aliitazama simu. Kama Bi Hidaya angekataa kuzungumza naye, basi Makunduchi hakungebaki mtu wa kumwita mwanangu. Na Nassoro asingeshuka kitandani leo wala kesho. Akapiga, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Nani?"

"Mimi, mama. Vuai. Shikamoo."

"Marahaba. Vuai yupi? Wangu niliambiwa anakuja likizo, nikampikia, hakutokea."

"Sikuja, mama. Nilikwenda Ulaya."

"Una nani huko?"

"Sina mtu."

"Ulikwenda kumtembelea nani basi?"

"Hakuna, mama. Kutembea tu."

Kitandani, Nassoro aliacha kutafuna.

"Nilikaa na pweza wa nazi mpaka akaharibika," mama alisema. "Watu wamekuja, wananitazama. Nikasema ndege imechelewa. Mimi, mtu mzima, nikasema uongo kwa ajili yako."

"Nisamehe, mama."

"Kwa nini?"

Vuai alikuwa ameandaa majibu mengi, na yote alikuwa ameyatunga vizuri. Hakulitumia hata moja.

"Tangu mama aliyenizaa afariki, nikija napita mbele ya nyumba yetu imefungwa kufuli," alisema. "Nikifika kwako sina hata hamu ya kula. Nilitaka mwaka mmoja tu nisipite pale."

Zuberi aliinamia sinia. Nassoro hakugeuka, lakini sahani aliiweka chini.

"Hilo ungesema," Bi Hidaya alisema. "Mdomo unao. Ukija, shuka gari kabla hujafika msikitini, uingilie nyuma, kwenye banda la kuku. Nyumba yenu huioni kabisa. Jina la Mwenyezi Mungu, jambo dogo hilo, mtu anakwenda mpaka Ulaya." Akakohoa. "Na sijakusamehe. Utakuja, utakula, halafu tutaona. Nipe mwanangu."

Nassoro aliipokea simu, akaizima sauti ya juu, akasikiliza muda. Alisema "ndiyo mama" mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Alipomaliza alishuka na sahani yake, akaumimina wali kwenye sinia.

"Sogea," alimwambia Vuai. "Ulaya wamekufundisha kukaa mahali pa watu wawili."

Vuai akasogea.

"Ulikuwa unakula na nani?" Nassoro aliuliza, macho yake kwenye wali.

"Peke yangu. Mji wa Sevilla nilikaa kwenye meza ya watu wawili, mhudumu akaja akaiondoa sahani ya pili. Na glasi. Mwanzo nilifurahi. Hakuna wa kuniuliza kitu. Mitaani kuna michungwa imejaa, hakuna anayechuma. Nikachuma moja, chungu kama shubiri. Sikuwa na mtu wa kumwambia."

"Stahili yako," Zuberi alisema.

"Napoli nikapanga chumba kwenye kichochoro kimoja, nguo zimeanikwa juu kama bendera. Asubuhi natoka, kikapu kinashuka kwa kamba mbele ya uso wangu. Juu kuna bibi, ananipigia kelele, anaonyesha duka la mkate. Ndani ya kikapu kuna hela. Nikamnunulia, nikamtilia, akavuta. Kesho yake vilevile. Nilikuwa nipite siku mbili pale, nikakaa mpaka likizo ikaisha."

Zuberi alicheka hadi akapaliwa. "Umekimbia mizigo ya watu hapa, ukaenda kubeba ya Wazungu."

"Alikuwa mzee. Magoti yake mabovu. Nikamtilia na ile dawa kwenye kikapu."

Nassoro aliinua kichwa. "Dawa ya mama yangu?"

"Chupa moja. Zilikuwa mbili."

Nassoro alichota wali. "Na sasa mkate anatiliwa na nani?"

"Sijui. Niliondoka alfajiri, dirisha lake limefungwa. Sikumuaga."

"Ndiyo tabia yako hiyo," Nassoro alisema, akalichagua pande la nyama upande wake wa sinia, akalisukuma mpaka mbele ya Vuai.