Meneja Kagoma Kula

Hii ukisimuliwa utasema mtu kaamua kukuchezea akili, ila watu wa Makoko, Musoma, wapo, nenda kawaulize. Ilianza asubuhi ya kawaida kabisa. Rhobi alikuwa amechuchumaa uani, nyuma ya chumba alichopanga, anamwekea simbilisi wake sukuma wiki, na simbilisi anaiangalia ile sukuma wiki kama mtu aliyeletewa ugali mbichi. Hakula.

"Wewe Meneja, kula bwana, nachelewa kazini."

Meneja akageuka, akampa mgongo.

Aliitwaga Meneja kwa sababu ya kitambi, na ile tabia ya kukaa tu akiangalia wengine wanafanya kazi. Alikuwa wa mama yake Rhobi, marehemu Hyasinta, muuza dagaa aliyejulikana mpaka Bunda. Hyasinta alipofariki, alivyoacha viligawanywa. Mjomba Wenceslaus, kaka wa marehemu, alichukua shamba la Bugwema, shamba ambalo dada yake alilinunua mwenyewe kwa jasho la dagaa. Rhobi alipewa simbilisi. Mjomba alisema hapo haki imetendeka, maana kila mmoja kapata kitu.

Kwa hiyo Meneja alipokataa chakula, Rhobi hakukaa. Alimtia kwenye kikapu akaenda naye kazini Iringo, kwenye saluni anakosuka.

"Na huyo unamsuka mtindo gani?" mteja mmoja akauliza.

"Huyu anaumwa, dada."

"Basi mtangulize, mimi nitasubiri."

Mchana akampeleka kwa bwana mifugo, Samwel, ambaye maisha yake yote ni mtu wa ng'ombe. Samwel alimweka Meneja juu ya meza, akaizunguka meza akitafuta pa kuanzia. Akamfungua mdomo, meno mazuri. Akamminya tumbo kwa kidole kimoja.

"Ugonjwa siuoni. Ila simbilisi haachwi na njaa, umesikia? Tumbo lake ni kama pikipiki kuukuu, likizima hapo kuliwasha tena ni kazi. Msagie majani na pilipili hoho, mnyweshe kwa bomba la sindano, pembeni ya mdomo, taratibu."

Rhobi alisaga, akanywesha taratibu. Meneja aliuhifadhi ule uji wote mdomoni mpaka bomba likaisha, halafu akautema kwenye gauni la Rhobi la kanisani.

Jirani yake, Mama Kulwa, alikuwa anaanua nguo, anaona kila kitu.

"We Rhobi, mjini kumekusahaulisha kwenu? Mtoto akikataa ziwa tunafanyaga nini? Si tunamwitia majina? Marehemu aliyerudi ndani yake akisikia jina lake, mtoto ananyonya."

"Mama Kulwa, huyu si mtoto."

"Kwani yeye anajua?"

Mama Kulwa akashika jani la sukuma wiki, Rhobi akaanza kuwaita wafu wa kwao. Babu Matiko, yule wa ng'ombe wengi. Kimya. Bibi Helena. Meneja akapiga chafya. Fred aliyezama ziwani. Meneja akafumba macho kabisa, kama mtu anayesubiri hotuba iishe. Waliitwa mpaka wale waliokufa kwa ulevi. Jina moja tu Rhobi alikuwa analiruka, kwa sababu lilikuwa bado bichi mdomoni.

"Hyasinta," akasema mwisho.

Meneja akala jani lote, na kijiti chake. Kisha akasema, "Maji."

Sauti ilikuwa ileile ya kuitia wateja wa dagaa, ila imepungua ukubwa.

"Shikamoo, mama," Rhobi akasema, akaleta maji.

"Marahaba. Hizo rasta nani amekusuka? Zimepinda. Na mniache kuniita Meneja."

"Karibu tena, mwenzangu," Mama Kulwa akasema. "Ulituacha ghafla mno." Akarudi kuanua nguo zake, maana wingu lilikuwa limeshasimama juu ya ziwa.

Mjomba Wenceslaus alipopigiwa simu alikuja jioni hiyohiyo na pikipiki yake. Aliinama mpaka kofia ikadondoka.

"Dada, umerudi. Umepungua sana."

"Wewe umenenepa. Matikiti ya shamba langu yamekukubali. Wenceslaus, lile shamba mpe mwanangu."

Mjomba akaokota kofia, akaifuta vumbi polepole. Akasema suala la shamba si la watu wawili, ni la ukoo.

Ukoo ulikutana Butiama, nyumbani kwa Mzee Bernado, mkubwa wao. Hyasinta aliwekwa kwenye kiti, na alipokuwa haonekani akahamishiwa mezani. Watu walimsalimia kwa foleni, wadogo zake shikamoo, wakubwa zake pole na safari. Alimiminiwa soda kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Akaeleza neno lake lote bila kukatizwa, na wazee walikubaliana kwamba kaongea vizuri kuliko alipokuwa mzima.

Mzee Bernado akakohoa.

"Mirathi ni ya mali ya marehemu. Sasa marehemu huyu hapa, anakunywa soda. Kwa hiyo mirathi haipo."

"Basi babu, mwenyewe arudishiwe shamba lake," Rhobi akasema.

"Jembe atalishikaje, mjukuu wangu?"

Mzee mmoja alikumbusha kwamba fuko analimaga vizuri tu bila jembe. Akajibiwa kwamba ni kweli fuko analima, ila hapandi. Hoja ikafa hapo. Ikaamuliwa Wenceslaus aendelee kumtunzia dada yake shamba, kama alivyokuwa anatunza. Watu wakapiga makofi, na Mjomba akaguswa mpaka akatoa kitambaa.

"Sawa," Hyasinta akasema. "Basi mimi sili."

Hapo makofi yakakatika. Kwao, aliyekufa na kinyongo humrudia aliyemkosea, na hakuna aliyewahi kusikia mtu aliyefiwa na dada yuleyule mara mbili, tena mara ya pili kwa kosa lake mwenyewe. Mjomba alirudi Musoma amenyong'onyea.

Kesho yake alipita Makoko kabla hajafungua duka lake.

"Amekula?"

"Hajala, mjomba."

"Mwambie nitampa ile pembe ya shamba yenye mawe."

"Mwambie akalimie hayo mawe," Hyasinta akajibu kutoka kikapuni.

Keshokutwa yake alikuja na nusu ya shamba. Usingizi ulikuwa umemkimbia, macho mekundu kama ya sato wa juzi. Hyasinta akakataa. Mjomba alipoona dada yake sasa hanyanyuki tena, amelala ubavu, manyoya yamesimama, akashika kichwa. Akasema Jumapili baada ya ibada atakuja na Mzee Bernado, atatamka mbele yake, shamba lote ni la Rhobi.

"Umesikia?" Hyasinta akanong'ona alipoondoka. "Usinipe kitu mpaka atamke. Hata nikilia. Huyu namjua, akiona natafuna tu, anageuka."

Jumapili asubuhi kengele ya kanisa ililia. Rhobi akaweka kidole kwenye tumbo la mama yake, pale Samwel alipoweka. Tumbo lilikuwa limenyamaza. Akasubiri. Ibada za huko ni ndefu. Siku hiyo tena ilikuwa na harambee ya bati.

"Mama."

Hyasinta hakujibu. Miguu yake ilikuwa imeanza kupoa.

Rhobi akachuma mchicha uani, akautafuna yeye mwenyewe mpaka ukawa uji, akamtia mama yake mdomoni kwa kidole, kidogo kidogo, akimkanda tumbo. Muda ukapita. Ndipo tumbo likaunguruma, na Hyasinta akameza.

"Mtoto mjinga wewe," akasema. Akameza tena.

Mjomba na Mzee Bernado walimkuta anatafuna. Mjomba akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa machozi ya kweli, hakuwa anaigiza. Akamkumbatia Rhobi.

"Kwa hiyo hagomi tena?"

"Anakula, mjomba."

"Basi tusimchoshe mgonjwa."

Akampa Mzee Bernado lifti mpaka stendi, akaendelea na safari ya Bunda, maana matikiti yalikuwa yameshapakiwa.

Mpaka leo Hyasinta yupo Makoko, mnene, na anapokea shikamoo za mtaa mzima. Shamba analilima Wenceslaus. Kila asubuhi Hyasinta akimaliza kula anamwambia binti yake, "Tulikuwa tumeshamshinda yule," na Rhobi anasema, "Ndiyo, mama," anafunga mlango, anakwenda kusuka.

Sasa wewe niambie ukweli. Mama yako yuko kiganjani, tumbo limenyamaza, na shamba limebaki kutamkwa tu. Ungemlisha, au ungesubiri ibada iishe?